Majani Yanayovumilia Giza

Juzi nilikwenda kung'olewa jino hapa Bujumbura. Sitawachosha na habari za jino lenyewe. Watu wa umri wetu tuna mengi ya kulalamikia. Ninachotaka kusema ni kwamba kwenye chumba cha kungojea waliweka tangi la kioo lenye samaki, na sakafuni mwa tangi palitandazwa majani mafupi ya kijani, ukuta kwa ukuta, kama zulia la msikitini. Chumba kile hakina dirisha hata moja. Nikainuka na shavu langu lililovimba, nikainama juu ya maji na kuvuta pumzi, maana majani yanayoishi chini ya maji yana harufu yake, harufu ya tope la mpunga iliyochanganyika na tango lililokatwa sasa hivi. Sikusikia chochote. Nikachovya kidole bila kuomba ruhusa. Yalikuwa ya plastiki.

Binti wa mapokezi alinitazama kwa mashaka. "Maman, samaki hatuwagusaki," akasema. Nikamwambia samaki wake sijawagusa, nimegusa majani, na kama anataka majani ya kweli katika chumba cha giza namna hii, yapo. Akaniuliza nimejuaje. Nikaitwa ndani kabla sijamjibu, na kwenye kile kiti, huku nimeachamishwa mdomo na siwezi kusema neno, nikawa namjibu kichwani. Ilikuwa miaka mingi sijayawaza mambo hayo kwa mpangilio.

Nilikulia Rumonge, mtaa wa Waswahili, karibu na ziwa kiasi kwamba kwa harufu tu tulijua kama ndagala, dagaa wa kwetu, zimekauka vizuri au zimenyeshewa. Baba yangu alikuwa mpiga mbizi. Kazi yake ilikuwa kuvua samaki wazima, wale wadogo wanaokaa kwenye mawe, kwa ajili ya mzungu mmoja aliyewasafirisha kwa ndege wakatazamwe huko kwao. Watu wa mtaani walimcheka sana: mtu mzima anashinda majini kutwa, anatoka na samaki wasiojaa kijiko, na tena hawaliwi. Bibi, yaani mama yake mzazi tuliyekaa naye, ndiye aliyecheka kuliko wote. Alisema mwanawe anawavulia watu wasio na meno.

Vita vilipokuja, mzungu alifunga kazi akaondoka. Baba akabaki na tangi moja kubwa la kioo na samaki waliokuwa ndani yake, akalibeba na wenzake mpaka kwetu, wakaliweka sebuleni juu ya meza ya mbao. Sebule yetu wakati huo ilikuwa giza mchana kutwa. Madirisha yalipigiliwa mbao, kama ya nyumba zote zilizotazama barabara, umeme ulikuja ukipenda, na mwanga tuliokuwa nao ni ule uliopenya kwenye mwanya kati ya ukuta na mabati. Sikuona ajabu. Nilidhani sebule zote ndivyo zilivyo, na kwamba watu wanakaa humo kwa sauti ya chini kwa sababu ya adabu.

Samaki wenyewe walikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mapezi yao marefu yana ncha nyeupe. Nawapenda mpaka leo kwa tabia moja: wakizaa, watoto wakubwa hawaondoki. Wanabaki pale penye jiwe lao na kuwalinda wadogo zao, wanamfukuza yeyote anayesogea, hata kidole changu nyuma ya kioo. Pampu ya hewa haikuwa na umeme, kwa hiyo tuliwapa hewa kwa mkono. Unachota maji kwa kikombe kutoka kwenye tangi, unayainua juu, unayamimina yarudi kwa kishindo, mpaka bega liume. Hiyo ilikuwa kazi yangu asubuhi na jioni, na niliifanya kwa majivuno kama muadhini.

Baba hakuwa mtu wa kukaa bure. Kulikuwa na hoteli moja Bujumbura ambayo ukumbi wake wa mapokezi haukuwa na dirisha, na mwenye hoteli alimwambia baba yuko tayari kuweka matangi mle ndani, mradi chini pawe na kijani. Mchanga mtupu hakuutaka, alisema unamkumbusha kaburi. Baba akaona hiyo ndiyo kazi mpya, kazi ya kutengeneza matangi. Kilichokosekana ni majani: mafupi, yanayotambaa, yanayoweza kuishi mahali pasipo jua.

"Tazama, Zaina," aliniambia siku moja, tumepiga magoti mbele ya kioo. "Hii chini iko nyeupe sana. Samaki anajiona kama iko uchi."

"Tumuvalishe nguo?"

"Tumutandikie mukeka. Lakini mukeka wenye kuota."

Tukaanza na yale majani marefu ya ziwani, yaliyo kama utepe, yale ambayo wavuvi huyachomoa kwenye nyavu huku wakitukana. Tuliyapanda kwa mstari. Hayakufa, ila yalirefuka kwa hasira mpaka juu ya maji, yakalala hapo kifudifudi, na chini pakawa giza kuliko mwanzo. Baba akayachomoa. "Haya inatafuta jua," akasema. "Sisi tunatafuta yenye haitafute jua."

Jaribio la pili lilikuwa wazo langu. Nilikata nyasi laini za uwanja wa mpira, zile zinazotambaa, tukazikandamiza mchangani na mawe. Siku za kwanza palipendeza mno, mama mwenyewe aliingia kutazama. Halafu nyasi zikawa njano, zikawa kahawia, zikaanza kunuka, na asubuhi moja tukawakuta samaki wote wako juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Tulimimina maji kwa zamu, baba na mimi na mama, mpaka adhuhuri. Baba hakunigombeza. Alisema nyasi za nchi kavu ukizizamisha ni kama mtu, zinavumilia kidogo tu halafu basi, na yeye alijua anachosema.

Mara ya tatu alileta yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe ya mtoni. Akayafunga juu ya vijiwe kwa uzi wa cherehani wa mama, akaviweka chini. Hayo yaliishi. Hayakuhitaji jua wala udongo, na samaki wachanga waliyapenda kupita kiasi. Lakini yalibaki pale pale juu ya jiwe kama ndevu, hayashuki mchangani hata ukiyabembeleza. Baba aliyatazama wiki nzima. Alisema ni mazuri, lakini si mkeka.

Ndipo mvuvi mmoja aliyetoka Nyanza-Lac akamwambia kwamba huko kwao, kwenye mabonde ya mpunga, kuna kijani kifupi kinachotanda chini ya maji. Baba akaamua kwenda. Barabara ya kusini ilikuwa mbaya wakati ule, ninyi mnakumbuka: leo inapitika, kesho haipitiki, na hakuna anayekuambia ni ipi leo na ni ipi kesho. Mama alimwomba asubiri boti. Baba akasema kuna gari asubuhi, lina watu anaowajua. Akanikuta kwenye tangi na kikombe changu mkononi.

"Naenda Nyanza kutafuta majani yenye kuvumilia giza," akasema. "Wewe ubaki na samaki. Usiwanyime hewa."

"Na ukikosa?"

"Nitatafuta mpaka nipate."

Hayo ndiyo maneno yake, nami niliyachukua kama yalivyo. Juma hilo hakurudi, wala lililofuata. Nyumbani watu waliingia na kutoka, walizungumza na mama uani, na mimi nilipokaribia walianza kuniuliza habari za shule, ambayo ilikuwa imefungwa. Nikamuuliza mama baba yuko wapi. Alikuwa anakoroga ugali, hakugeuka. "Bado anatafuta," akasema.

Basi kwangu mambo yakawa wazi kabisa. Baba hakurudi kwa sababu hajayapata. Alisema atatafuta mpaka apate, na baba yangu hakuwa mtu wa kuacha kitu njiani. Kwa hiyo dawa yake ilikuwa moja tu: majani yapatikane huku huku nyumbani, yajae chini ya tangi, halafu apelekewe habari kwamba aache. Sikumwambia mtu. Niliona ni hesabu rahisi ambayo wakubwa, kwa sababu ya shughuli zao, hawakuipiga.

Wakubwa walikuwa na hesabu yao. Mama alikuwa na kaka yake Kigoma, na kila boti iliyofika ilileta salamu kwamba tuvuke, kuna chumba, kuna shule. Mama alitaka kwenda. Bibi hakutaka kusikia.

"Hamisi akirudi akute nini?" alisema. Hamisi ndiye baba. "Akute mahame?"

"Mama, watoto wa watu wote wanavuka," mama alimwambia mkwewe.

"Watu wote hawana mutu njiani. Sisi tunangoja mutu."

Na mama alirudi jikoni, kwa sababu na yeye alikuwa anamngoja. Hivyo tulibaki. Kila jambo nyumbani kwetu lilisimama hapo: tunamngoja, kwa hiyo hatuvuki.

Lazima niwaeleze habari ya Bibi na ufagio, maana wenye umri mdogo hawaijui. Uwanja wa nyumba yetu ulifagiliwa mpaka udongo ukang'aa, na jani moja likichomoza Bibi aliling'oa kwa kidole kabla halijapata jina. Usafi ulikuwa sababu mojawapo tu. Wakati wa vita majani uani yalikuwa na maana yake. Nyumba yenye majani ni nyumba isiyo na mtu, na nyumba isiyo na mtu huchukuliwa kwanza milango, halafu mabati. Kwa hiyo wanawake waliobaki waliwafagilia waliokimbia. Bibi alifagia kwa fundi cherehani, jirani yetu aliyevukia Tanzania na familia yake. Alipalilia, akamwaga maji kidogo, akaacha alama za ufagio mpaka mlangoni, mtu akipita aone kwamba hapa wenyewe wapo.

Halafu ikaja habari kwamba fundi amefia kambini. Bibi hakwenda tena. Majani yakaota yakafika magotini, na siku moja mlango haukuwepo. Nikamuuliza, "Bibi, mbona hufagie tena kwa fundi?"

"Pale kazi iliisha," akanijibu. Nikadhani amechoka, maana alikuwa mzee.

Majani yangu niliyapata kwa msaada wa Mama Neema. Huyu alikuwa jirani wa upande wa pili, Mkristo kutoka Uvira, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa kuliko nyumba yake, aliyeuza ndagala. Siku ambazo barabara ilitulia, alikwenda na wenzake mpaka Gatete kubadilisha ndagala na mchele. Walitembea kwa kundi, mchana, na walipenda kuchukua watoto, kwa imani kwamba kundi lenye watoto halisumbuliwi sana. Leo mwanangu singemruhusu. Mama aliniruhusu, sijui kama ni kwa kuamini au kwa kuchoka na maswali yangu.

Wakati wanawake wanabishana kuhusu ujazo wa bakuli, mimi nilishuka kwenye mashamba ya mpunga. Nikainama kutazama katikati ya mashina, mahali ambapo mpunga umesongamana na jua halifiki. Chini kabisa, ndani ya maji ya tope, palikuwa na kijani kifupi kimetanda. Kila kijiti kilibeba majani manne yaliyopangwa kama petali, na chini yake kulikuwa na kamba nyembamba inayotambaa topeni kutoka kimoja kwenda kingine. Nikakaa chini pale pale ndani ya maji.

"Toka mule, utaumwa na nyoka!" Mama Neema alipiga kelele kutoka kwenye tuta. "Unatafuta nini?"

"Hii inaitwa je?"

Akachungulia. "Hiyo? Hiyo iko uchafu ya mupunga. Wanaing'oaka kila siku."

"Inapenda giza?"

"Inapenda kila kitu, mutoto yangu. Ndiyo maana iko uchafu."

Nikajaza kopo la maziwa. Mama Neema alicheka njia nzima, akawaambia wenzake kwamba wao wamekwenda kuleta chakula na mtoto wa Hamisi ameleta magugu, lakini mzigo wangu ulipoanza kunichosha alinibebea kichwani juu ya mchele wake. Nyumbani nilifanya kama nilivyomwona baba akifanya. Nilisuuza tope lote, nikakata ile kamba vipande vipande, nikavisukuma mchangani kwa vidole viwili, mzizi ndani, shingo nje. Mtu akiuliza anakosea wapi na majani ya namna hii, nitamwambia ni hapo. Watu wanazika shingo, na jani linaoza.

Yangu sikuyazika, na bado yalioza. Majani manne yote yakawa njano, yakalegea, yakaelea. Nililia nyuma ya nyumba. Sikujua kwamba hivyo ndivyo yanavyofanya: majani yaliyoota hewani hufa yakizamishwa, na mmea huanza upya na majani ya majini. Hayo nimeyasoma ukubwani, kwenye kitabu kinachouita marsilea. Wakati ule niliona tu, baada ya siku nyingi za kumimina maji kwa hasira, kitu kidogo cha kijani kimesimama mchangani, duara, kidogo kuliko ukucha wangu. Pembeni yake kulikuwa na kingine. Niliweka shavu kwenye kioo nikakaa hivyo mpaka nikaitwa kula.

Na Bibi naye akaviona.

Asubuhi niliporudi kutoka ziwani na ndoo nilimkuta amekunja mikono ya gauni mpaka kwapani, mkono mzima umo tangini, anang'oa kwa kidole na kutupa kwenye beseni. Samaki walikuwa wanamuuma na yeye hajali.

"Bibi! Ni yangu!"

"Majani ndani ya nyumba!" akasema. "Mke mwenzangu, unataka nyoka naye apewe kiti sebuleni?"

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, mke mwenzangu, na kwa kawaida nilicheka. Siku hiyo sikucheka. Nikaokota kwenye beseni kilichookoteka, nikapanda tena. Kesho yake aling'oa tena. Basi ikawa ndiyo maisha yetu: mimi napanda, yeye anapalilia, mimi nikienda kuchota maji yeye anakunja mikono ya gauni. Nilimkasirikia kwa moyo wangu wote. Mbele ya macho yangu mtu alikuwa anamzuia baba yangu kurudi, na mtu huyo ni mama yake.

Alichokuwa hajui ni kwamba ile kamba inabaki mchangani. Alichukua majani, mizizi ikaendelea na safari yake. Nilimshtaki kwa mama. Mama alisema, "Mwache Bibi," kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito asiyetaka kuongezewa. Mara moja tu nilithubutu kumuuliza Bibi mwenyewe kwa nini. Hakunitania. Alijipangusa mkono kwa khanga, akanitazama.

"Majani inaota kwa mwenye hayuko," akasema. "Hamisi iko."

Nilijua kwamba yuko. Ndiyo maana nilipanda. Sikuona tunabishana nini.

Halafu ilifika Ijumaa moja. Bibi alikwenda ufukweni kutafuta samaki wa mboga, mahali wanapofikia wavuvi wa kusini, akarudi amechelewa na kikapu ni kitupu. Alisema leo hakuna samaki. Nakumbuka kwa sababu Mama Neema alikuwa ameuza kutwa. Bibi akaketi kwenye kigoda karibu na tangi, na viatu vyake miguuni, yeye ambaye hakuruhusu mtu avuke kizingiti na viatu.

Asubuhi yake nilirudi kutoka ziwani na ndoo nikiwa tayari kwa ugomvi. Majani yalikuwepo. Kesho yake pia yalikuwepo. Bibi alikaa pale kwenye kigoda, anayatazama tu, mikono mapajani. Siku nyingine nilimkuta ameshika kikombe changu, anawamiminia samaki maji, polepole. Akaanza kuniwekea kipande kikubwa cha samaki, kile kilichokuwa chake. Nikadhani anajuta. Niliona nimemshinda, na kwa sababu nimemshinda nikamsamehe, nikarudi kukaa karibu naye na kumwonyesha kila jani jipya. Alinisikiliza. Aliuliza hata maswali, kama kweli hayahitaji jua, na kama yatafika mpaka kwenye kona.

Yalifika. Mimi sijawahi kuona kitu kikikua kwa utulivu namna ile katika nyumba yenye fujo kama yetu. Mchanga mweupe ulipungua kila wiki, ukabaki kisiwa, ukabaki ukanda mbele ya kioo. Samaki wachanga walipita chini ya majani kama watu wanaopita chini ya migomba. Na mchana mmoja kamba ya mwisho ikagusa kioo cha mbele, ikakunja shingo, ikatoa jani hapo hapo.

Nikatoka mbio mpaka uani. Mama alikuwa ameketi mkekani, chikichi zimemjaa mapajani, anachambua mbovu na nzima.

"Mama, imefika kwa kioo!"

"Nini imefika?"

"Majani. Imejaa chini yote. Bibi hang'oe tena."

Mikono yake iliendelea na kazi kidogo, halafu ikasimama. "Hang'oe?"

"Ameacha. Anaiangalia tu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Ijumaa alienda kwa wavuvi, akarudi bila samaki."

Mama aliinuka. Chikichi zote zikamwagika, zikabingirika mpaka kwenye mfereji, na mama yangu, ambaye hakuwahi kuacha hata moja ipotee, alizipita. Nilimfuata. Ndani alisimama mbele ya tangi akayatazama majani, tena kwa muda mrefu, nami nikawa nafurahi kwamba hatimaye ameyaona yalivyo mazuri. Kisha akapiga magoti mbele ya kigoda cha Bibi.

"Mama," akasema. "Hamisi iko?"

Bibi alitazama mikono yake. Alichokisema alikisema sikioni kwa mama, na mimi nilikipata baadaye sana, nilipokuwa mkubwa wa kutosha: lile gari halikufika Nyanza-Lac, na wavuvi waliwazika watu wake kando ya barabara, na mmoja wao alimtambua baba kwa makovu ya mawe kwenye mikono. Siku hiyo nilisikia maneno ya mwisho tu.

"Nilikuwa naogopa mutavuka," Bibi alisema. "Nikisema, mutavuka, na mimi nitabaki na nyumba."

"Tutavuka na wewe," mama akasema. Alikuwa amemshika magoti. "Wewe ndiye mama yetu. Tungekuacha kwa nani?"

Sikuelewa kwa nini wanazungumza habari za kuvuka wakati kuna jambo kubwa zaidi. Nikajipenyeza katikati yao. Nikawaambia kwamba sasa majani yamejaa, kwa hiyo Mama Neema akimwona mtu wa kusini amwambie baba asihangaike tena, yapo hapa, ya uchafu wa mpunga, yamefika mpaka kwenye kioo. Nikasema aache kutafuta.

Mama alinivuta akaniweka mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa kwa mapaja yake. Midomo yake ilikuwa kwenye nywele zangu.

"Hatafute tena, Zaina," akasema. "Ameacha."

Nilifurahi. Niliruka kutoka mapajani, nikapiga makofi, nikawachezea pale sebuleni mbele ya kioo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenikataza.